Ng'ombe Sita, Mahali Sita

Jambo lote lilinigharimu shilingi mia tisa na kumi na mbili. Hiyo ilikuwa hesabu ya kwanza. Hesabu ya pili ilitoka mia tisa na kumi na tatu, kwa sababu nilikumbuka chai na mkate niliokula Molo nikingoja lori, na mtu aliyekula mkate hawezi kusema hakuula. Bakshishi niliyopewa na kampuni nilipostaafu ilikuwa mia tisa kamili. Kwa hiyo nyinyi mliobaki mizanini, kabla hamjanipongeza kwa kupumzika, jueni kwamba kupumzika kumenila shilingi kumi na tatu zaidi ya nilizolipwa kwa kuondoka.

Siku ya kuagana mliniambia niwaandikie niliyoyaona kazini miaka ishirini na saba. Nitaandika. Lakini nitapita mbio kidogo kwenye miaka ya mizani, maana kazi iliyonishinda ilianza siku niliyorudisha ufunguo wa stoo.

Siku ya kwanza nilifika stoo ya mahindi, pale karibu na reli, nimevaa shati jeupe. Mzee Ramadhani, mpimaji mkuu, aliliangalia shati lile kwa huruma.

"Umekuja kuoa?"

"La, mzee. Nimekuja kuandika."

"Basi andika upesi, kabla halijawa jeusi."

Ilipofika saa sita shati lilikuwa na rangi ya vumbi la mahindi, na mimi nilikuwa nimepiga chafya nyingi kuliko maneno niliyoandika. Mzee Ramadhani hakunipa kalamu siku ile. Alinipa bambo. Bambo mnalijua: kile chuma chenye mfereji unachochoma guniani kikatoka na punje. Alinifundisha kulichoma gunia mara tatu, juu, ubavuni na chini, lakini hasa chini.

"Gunia ni kama mtu aliyekuja kuchumbia," alisema. "Juu amepaka mafuta. Ukitaka kumjua, choma chini."

Na jingine alilonifundisha ni kuhesabu. Alisema kuhesabu mara moja ni kuamini, kuhesabu mara mbili ndiyo kazi. Wengine mlinicheka kwa tabia hiyo. Nilikuwa nahesabu hata ngazi za ofisi kila asubuhi, na siku moja zilipungua moja, nikawaonya, mkacheka, na karani wa mishahara akaanguka. Mchwa walikuwa wameila ngazi ya chini.

Kesi ngumu niliyokutana nayo ni ya lori la Subukia. Karatasi ilisema magunia sitini. Nikahesabu sitini. Nikahesabu tena, sitini na moja. Dereva akasema niache, gunia la ziada ni baraka. Mzee Ramadhani akasema hata baraka ina uzito, na ipandishwe mizani. Tukaipandisha: ratili mia na arobaini na mbili, pungufu sana, tena ilikuwa imekaa vibaya. Nikaandika. Kisha nikachoma bambo chini kama nilivyofundishwa, na baraka ikapiga yowe.

Alikuwa mpakiaji wao. Baridi ya alfajiri ilimwingiza ndani ya gunia tupu, na pombe ya busaa ya jana yake ikamlaza. Nilikuwa nimemchoma kidogo tu, pahali penye nyama. Alipona akaomba radhi. Lakini kitabuni nilikuwa nimekwisha kumwandika "mahindi, daraja la pili", na kitabu cha stoo hakifutwi. Mpaka leo stoo ile inapungukiwa gunia moja ambalo lilirudi Subukia kwa miguu.

Basi miaka ikaenda. Mzee Ramadhani akaondoka, nikashika bambo lake, na mwishowe zamu yangu ikaja. Bwana wa stoo akanishika mkono, akanipa bahasha, akasema kwa Kiswahili chake, "Sasa wewe pumzika mzuri." Nikazihesabu mbele yake. Nikazihesabu tena. Hakufurahi, lakini alingoja.

Wiki ile nilipata marafiki wengi kuliko miaka ishirini na saba iliyopita. Mmoja alitaka tushirikiane makaa. Wa pili alikuwa na kinu cha kusaga unga, kizima kabisa, ila injini. Wa tatu alitaka kuniuzia nusu ya baiskeli. Sikuuliza nusu ipi. Nilimwambia nikihitaji kutembea nusu njia nitamwita.

Mke wangu, mama Ester, hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na neno moja.

"Mabati."

Alitaka tununue mabati thelathini, tuyapakie garimoshi, tukajenge nyumbani upande wa Kakamega. Nyumba ya kampuni tulikuwa tumeirudisha, tukapanga chumba kimoja kwenye mtaa wa lokesheni, na kila mwisho wa mwezi mwenye chumba alikuja kubisha kabla jogoo hajamaliza.

"Mama Ester," nikamwambia, "mabati hayazai."

"Bati haliugui," akanijibu.

"Ukiweka pesa kwenye bati, miaka kumi baadaye una nini? Bati lile lile, na kutu."

"Na chini ya kutu, baba Ester, kuna mtu mkavu."

Tuliafikiana hivi. Mimi nizizungushe pesa mwaka mmoja, mpaka mvua kubwa ya mwaka unaofuata. Yeye akaange mandazi sokoni alipe chumba. Mvua ikianza kunukia, nimpe mabati thelathini na nauli. Zikizaa zaidi, zilizozidi ni zangu. Nilidhani nimemshinda katika mapatano yale. Ndivyo mtu anavyodhani akiachiwa kusema mwisho.

Aliyenipa akili ya ng'ombe ni Arap Koros, mlinzi wa lango letu, ambaye nyinyi nyote mnamjua kwa lile koti la mvua analovaa kiangazi. Tulikuwa tumekaa kando ya lango, nikamweleza shida yangu: mia tisa, na dunia nzima yenye wezi.

"Karani," akasema, "wewe umewahi kuona tajiri wa kwetu?"

"Nimeona."

"Hujaona. Ukienda kwake utaona ng'ombe watatu. Wale wengine wako kwa watu. Mmoja huku, wawili kule. Anayemchunga anakunywa maziwa, mwenyewe anangoja ndama. Sisi tunaita kimanagan. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanapona. Kiangazi kikikausha kule, huku kuna majani. Hata mwizi anachoka, kwa sababu ya safari."

Nilisikia kama Mzee Ramadhani amefufuka. Juu, ubavuni, chini! Niligawe fungu langu mahali sita, na balaa ipi itakayoweza kupanda treni ifike kote? Nikampa Arap Koros sharti moja tu: anitafutie wachungaji sita wasiojuana. Watu wakijuana hupangana. Wasipojuana, hata wakitaka kuniibia kila mmoja ataanza upya.

"Hawajuani kabisa," akaniahidi baada ya wiki mbili. "Nimeuliza."

Ng'ombe niliwanunua mwenyewe, shilingi mia na ishirini kwa wastani. Wa kwanza nilimpata Rongai kwa mzee aliyeanza na mia mbili.

"Ana meno mangapi?" nikamuuliza.

"Yanatosha."

Nikayahesabu. Ng'ombe hakupenda. Nikayahesabu tena, naye akanikanyaga.

"Bei imepanda," mzee akasema. "Sasa umeona ana nguvu."

"Imeshuka. Sasa nimeona ana tabia."

Tulianza asubuhi tukamaliza jua limeinama, kwa mia na kumi na tano na kofia yangu. Kofia siihesabu, ilikuwa na tundu.

Kila ng'ombe nikampa jina la mahali atakapokaa, nisije nikachanganya: Njoro, Rongai, Elburgon, Molo, Solai na Subukia. Sita, mahali sita. Wachungaji wote walikuwa vibarua kwenye mashamba ya masetla wa Kizungu, watu wazima, wenye wake na watoto wanaohitaji maziwa. Niliwapelekea chumvi, sukari na tumbaku, nikarudi Nakuru nikalala usingizi wa mtu aliyeegemea kuta sita.

Kila baada ya miezi miwili nilikwenda kukagua, kwa treni mahali penye treni na kwa miguu palipobaki. Na hapa, wenzangu, naandika kwa aibu. Nilipofika Njoro, mchungaji wangu, Kiprono, alinipokea vizuri mno. Mkewe akaleta kibuyu cha maziwa.

"Na Njoro?" nikauliza.

"Yuko malishoni, mzee. Mzima."

Nikanywa. Elburgon, maziwa, naye malishoni. Solai, maziwa, malishoni. Nilirudi nyumbani tumbo limejaa ushahidi. Mtu aliyechoma magunia miaka ishirini na saba kutafuta chini yake, alikubali kibuyu kama risiti. Hata sikuuliza maziwa yale yalikuwa ya ng'ombe gani.

Ilikuwa mara ya tano, mawingu ya mvua yameanza kujikusanya juu ya Menengai, nilipokwenda Njoro nimwuze ng'ombe wa kwanza. Kiprono akaniambia yuko malishoni. Nikamwambia nitangoja. Akaleta maziwa. Nikanywa nikangoja. Akaleta mengine. Nikangoja. Kibuyu cha tatu kilipoisha akakaa chini mbele yangu.

"Mzee, usikasirike. Ng'ombe wako yuko salama kuliko wangu. Hapa Bwana mwenye shamba anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Ng'ombe zetu. Kila kibarua ana idadi yake kwenye karatasi. Ukipitisha, anachukua waliozidi, anauza. Na Bwana wetu anahesabu kama wewe, mara mbili, ila yeye ana bunduki. Mimi nikaona, huyu ni mali ya mtu, amepewa mimi kwa imani. Nitamwachaje mahali pa hatari? Nikampeleka kwa mzee mmoja Sachangwan. Yeye ni mtu wa msitu, ana majani, hahesabiwi na mtu."

Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru! Mtu mwaminifu, mwenye akili. Nikajiambia, si neno, Njoro amehamia Sachangwan, bado ni mahali sita.

Nikaenda Rongai. Mchungaji wa Rongai hakunichosha kwa maziwa.

"Yuko salama," akasema. "Bwana alitaka kuhesabu, nikampeleka Sachangwan."

"Kwa mzee wa msitu?"

Uso wake ukafurahi. "Kumbe unamjua!"

Solai sikufika. Nilirudi Nakuru, nikamkamata Arap Koros langoni kwa lile koti lake.

"Uliniambia hawajuani!"

"Hawajuani."

"Njoro na Rongai wako kwa mzee mmoja!"

"Ndiyo, karani. Wao kwa wao hawajuani. Wote wanamjua yeye." Akafikiri kidogo, na nadhani alitaka kunifariji. "Ni mtu mzuri sana. Hata mimi wangu wako kule."

Kesho yake nikapanda treni mpaka Molo, nikala mkate ule wa shilingi nikingoja lori la maua ya pareto, likanishusha Sachangwan, nikaingia msituni kwa tope lililonitoa soli zote mbili. Viatu hivyo vilikuwa vipya, shilingi thelathini na tatu. Nikafika kwenye uwazi wenye nyasi. Walikuwa pale: Njoro, Rongai, Elburgon, Molo, Solai, Subukia, wamesimama bega kwa bega kama kwaya. Nikahesabu: sita. Nikahesabu tena: sita. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilitamani hesabu mbili zisilingane.

Mzee mwenyewe, Arap Chumo, alikuja akijifuta mikono. Mtu mfupi, mpole, mwenye sikio moja lililojaa sauti ya msitu na jingine lisilosikia.

"Karibu. Wako ni wepi?"

"Hawa sita."

"Sita kwa mtu mmoja?" Alitikisa kichwa. "Hiyo si vizuri. Mtu haweki mali yake yote mahali pamoja."

Nilikaa kwenye gogo.

"Mimi hapa," akaendelea, "nina ng'ombe arobaini na mmoja, na hata mmoja si wangu. Wangu nimewagawa kwa watu. Mmoja yuko Njoro kwa Kiprono, mwingine Rongai, mwingine Elburgon..." Alitaja wote sita, kwa mpangilio ule ule niliotumia mimi.

"Na wao Bwana hawahesabu?"

"Anawahesabu. Hao ndio walio kwenye karatasi."

Mnaelewa sasa. Maziwa niliyokunywa mwaka mzima yalikuwa ya ng'ombe wa Arap Chumo.

Nilitaka kucheka, na labda ningecheka, kama si kile kibao. Kilikuwa kimepigiliwa mtini nyuma yake, kipya, rangi haijakauka. Daktari wa ng'ombe alikuwa amepita jana yake. Ugonjwa wa midomo na kwato. Karantini: hakuna ng'ombe kuingia, hakuna kutoka, hakuna kuuzwa, mpaka atakaposema.

Hapo akili ikanitoka. Nilimfunga Njoro kamba shingoni nikamwongoza kuelekea barabarani, nikijisemea kwamba huyu kwa haki ni wa Njoro na karantini ya Sachangwan haimhusu. Askari wa mifugo alinisimamisha kwenye ukingo wa msitu.

"Ng'ombe huyo anatoka wapi?"

"Huyu ni Njoro."

"Njoro ni kule."

"Jina lake ni Njoro. Na makao yake ni Njoro. Amekuja hapa kwa sababu ya usalama."

Askari akamtazama Njoro mdomoni, kisha akanitazama mimi miguuni, maana nilikuwa nimeshika soli mkononi. "Mzee, sasa hivi huyo Njoro yuko wapi?"

"Hapa."

"Basi ni wa hapa."

Faini shilingi arobaini. Nilijaribu kumteremsha mpaka thelathini na tano, akapandisha mpaka arobaini na tano, nikarudi arobaini haraka.

Kwa hiyo hesabu ni hii, na mwenye kalamu aijumlishe: ng'ombe mia saba na ishirini, chumvi, sukari, tumbaku, nauli na mkate mia na ishirini, faini arobaini, viatu thelathini na tatu.

Mama Ester nilimweleza jioni ile bila kuficha, kwa sababu mtu aliyeingia nyumbani hana soli hawezi kuficha mengi. Hakunigombeza. Aliinua kona ya godoro. Mimi kwa miezi mingi nilikuwa nimeona kitanda kinapanda, nikadhani mimi ndiye ninayepungua. Chini yake kulikuwa na mabati ishirini na mawili. Alikuwa akinunua moja moja kwa faida ya mandazi.

"Yamebaki manane," akasema. "Hayo manane ni ya mapatano yetu. Mwisho wa mwezi mimi na mabati tunapanda garimoshi. Thelathini ni nyumba ya watu wawili. Ishirini na mawili ni chumba kimoja, na chumba kimoja, baba Ester, ni cha mtu mmoja."

Nimemjua mwanamke yule miaka thelathini na moja. Hasemi bei mara mbili.

Ng'ombe mmoja tu mwenye afya angetosha mabati manane na nauli ya wawili. Mmoja! Na mimi nina sita, siwezi kuuza hata mkia.

Nikarudi kwa Arap Chumo, tukakaa kwenye lile gogo, naye akanipa njia. Anasema ng'ombe akiugua ugonjwa huu akapona, hana hofu nao kwa muda, na kwake yeye, mtu wa msitu, ng'ombe huyo ni mali. Kwa hiyo yuko tayari tubadilishane bila ng'ombe yeyote kusogea: yeye achukue wangu sita walio ndani ya karantini, mimi nichukue wake walio nje, kule Njoro, Rongai na kwingineko. Lakini si sita kwa sita. Jumamosi ya kwanza alisema watano.

Na mimi, mtu niliyezaliwa kwa ajili ya kupatana bei, nikasema sita.

"Watano, karani. Wako wanaweza kufa."

"Na wanaweza kupona, mzee, na wakipona umesema mwenyewe ni mali. Sita, na kibuyu."

"Rudi Jumamosi," akasema.

Jumamosi iliyofuata Solai na Molo walikuwa wanatoa udenda na kuchechemea, na Arap Chumo akasema wanne. Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma saa. Nikamwambia nitafikiri. Nilipokuwa naondoka nikawatazama wale wengine wanne, wanakula majani vizuri, macho makavu. Wakipita wiki hii hivyo hivyo, bei itarudi watano, pengine sita. Wakianguka, itakuwa watatu, au asinipe hata mkia. Tena hata nikiwapata hao wanne, watakuwa kwa wachungaji wale wale, na mabwana watahesabu tena, na sijauliza safari hii watawapeleka kwa nani. Naogopa jibu.

Mwisho wa mwezi ni siku kumi na mbili. Mama Ester amekwisha nunua kamba ya kufungia mabati. Amenunua fupi.

Nimekaa nikahesabu. Hesabu ya kwanza inasema chukua wanne, uza mmoja kesho yake, panda treni. Hesabu ya pili inasema ngoja Jumamosi moja zaidi. Nimerudia mpaka karatasi imetoboka, na kwa mara ya kwanza sina mtu wa kuniambia ipi kati ya hesabu mbili ndiyo kazi. Ndiyo maana barua hii ya kumbukumbu naileta stooni kwa mkono wangu, wala siipeleki posta. Someaneni leo wakati wa chai, msimwulize Arap Koros, na mnijibu langoni jioni hii: wanne, au ningoje?